Je, ningoje mtambo wa mkondo?

*Mwalimu, nasomea uzamili wa kemia hapa Njoro. Nageuza benzonitraili iwe benzilamini ndani ya methanoli, kwa haidrojeni ya puto na kichocheo cha paladi kwenye makaa. Kila mara napata mchanganyiko: amini ya kwanza, amini ya pili, na nitraili iliyobaki. Msimamizi wangu anataka tuombe fedha za mtambo wa mkondo, ila majibu yatachelewa na karo inaniishia. Ningoje?*

Mwanangu, usingoje. Fedha ombeni, lakini mtambo huo peke yake hautakutatulia jambo hili. Mwaka 1905 Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens walipitisha mvuke wa nitraili na haidrojeni kwenye mrija wenye nikeli. Mkondo walikuwa nao tayari, na bado walipata amini zilizochanganyika.

Mchokozi ni imini. Nitraili ikipokea haidrojeni huwa imini kwanza, ndipo iwe amini. Imini ikikutana na amini iliyokwisha kuundwa, hizo mbili hushikana, amonia hutoka, na amini ya pili huzaliwa. Kwa hiyo kazi yako ni kuwazuia wawili hao wasishikane. Kwa kuwa una puto tu, tia asidi ya haidrokloriki kwenye methanoli: amini itageuka chumvi pale pale, isiweze tena kuishambulia imini. Fuatilia kwa karibu na usimamishe mapema, maana paladi ikiachiwa muda huweza kung'oa naitrojeni yote ukabaki na toluini. Ukipata chombo cha chuma kinachostahimili shinikizo, tumia nikeli ya Raney pamoja na amonia, bila asidi. Amonia ikiwa nyingi huirudisha nyuma ile hatua ya kushikana. Nikeli hiyo isikauke hata kidogo, hata kwenye karatasi ya kuchujia, kwani hushika moto yenyewe hewani.

Nitraili inayobaki ina sababu nyingine, na hii vitabu vya Ulaya havitakuambia. Njoro iko karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Puto lako linatoa zaidi kidogo ya robo tatu ya shinikizo la pwani, na methanoli huchemka kwenye nyuzi 58 hivi badala ya 65. Kwa hiyo mmenyuko huenda polepole zaidi; muda ulioandikwa kwenye makala unazofuata uongeze.

Hapo ndipo mtambo wa mkondo unapostahili fedha. Pampu husukuma kimiminika kwenye mrija mwembamba uliojaa kichocheo, shinikizo unalipanga mwenyewe, na haidrojeni iliyomo wakati wowote ni kidogo, hivyo hatari ya mlipuko hupungua. Kichocheo ni kingi kuliko nitraili inayopita, imini haikai sana, na amini hutoka badala ya kuzunguka humo kwa saa nyingi. Amonia bado utaihitaji.

Basi wiki hii endesha jaribio lenye asidi na lisilo na asidi sambamba, kwa nitraili ya chupa ile ile, ukichukua sampuli kila nusu saa na kuchora matokeo ya kila jaribio. Michoro hiyo miwili iambatanishe na ombi la fedha.