Kurekebisha picha ya mazao kwa simu bila ya kuidanganya rangi

Skuizi mnunuzi wa Unguja hapandi boti kuja Pemba kuangalia tungule. Anakwambia "nitumie picha", na kwa picha hiyo anaamua. Mzigo ukiteremshwa Malindi ukawa haufanani na picha, bei inashushwa pale pale, nawe huna tena njia ya kuurudisha. Basi leo tuone namna ya kuirekebisha picha, na wapi mkono ukome.

Programu zinazotosha ni Snapseed au Picha kwenye Google, zote za bure. Lakini kabla ya programu, futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, maana simu ya shamba haikosi vumbi na jasho. Piga asubuhi au penye kivuli cha wazi. Jua la mchana linaunguza upande mmoja wa tungule na kuutia giza wa pili. Na weka karatasi nyeupe kando ya mzigo. Nitaieleza sababu yake.

Ukishapiga, anza kwa kukata kingo. Ndoo, miguu ya watu, kuku aliyepita, vyote vitoke, ibaki tenga na kilichomo. Halafu ongeza mwangaza kidogo kidogo. Kama sehemu ya chini ya tenga bado imefifia, usizidi kusukuma mwangaza, kwani juu patakuwa peupe tupu. Sukuma ile ya vivuli peke yake.

Sasa karatasi. Picha iliyopigwa chini ya turubali la buluu inatoka na ubuluu, na taa ya ndani huitia umanjano. Kwenye Snapseed, sehemu ya kusawazisha weupe, kuna alama kama kidude cha kudondoshea dawa ya macho. Iguse, uipeleke juu ya karatasi. Karatasi ikiwa nyeupe, na tungule zimerudi kwenye rangi yake. Hakikisha kwa kushika tungule moja kando ya simu: zikifanana, acha hapo hapo.

Ninachokiona kwa wengi ni kukoleza rangi mpaka tungule inang'aa kama plastiki. Huo ni uongo, na hata kwa biashara ni hasara. Mnunuzi anayetaka tungule zilizoanza kugeuka, ili zistahamili siku kadhaa, akiona wekundu ule atakupita. Anayetaka zilizoiva atazipokea mbichi na hatakupigia tena. Filta za urembo waachieni maharusi.

Picha ya mmea mgonjwa ina sheria yake: kata kingo ukitaka, rangi usiiguse kabisa. Chukua muhogo. Batobato hukunja na kukunjamanisha majani machanga, hilo hata picha mbaya hulionesha. Lakini michirizi kahawia huanza na umanjano unaofuata vishipa vya majani ya chini, na jani mara nyingi halijikunji. Ukisukuma ile ya joto la rangi, shamba zima linaonekana lina umanjano. Ukiipeleka upande wa baridi, umanjano wa kweli unapotea. Naweza kukwambia shamba ni zima, ukakata vipando ukampa na jirani, na ugonjwa huu husafiri ndani ya vipando. Utakuja kuujua siku ya kuvuna, ukikata muhogo uone mabaka makavu ya kahawia ndani, hali ganda la nje lilikuwa zuri tu.

Kama simu yako inaikubali, ipo programu ya Nuru ya PlantVillage, inayoliangalia jani la muhogo kupitia kamera na kufanya kazi hata bila ya bando. Nayo pia itaka mwanga mzuri na kioo safi.

Kwangu mimi nitumie picha tatu: mmea mzima, jani la chini kwa karibu, na muhogo mmoja uliokatwa mapande. WhatsApp huikamua picha ikapoteza vile vishipa, kwa hiyo zitume kama faili. Na ile picha ya asili usiifute kwenye simu; nikitilia shaka rangi, hiyo ndiyo nitakayoiomba.