Ameachwa, hakuteuliwa, walimwacha: sarufi ya mabishano juu ya timu ya marathoni ya Kenya, 2012

Mwezi wa nne mwaka 2012 Kenya ilikuwa na shida ambayo nchi nyingi zingetamani kuwa nayo. Wanaume sita walikuwa kwenye orodha ya awali ya marathoni ya Olimpiki ya London, na kanuni inaruhusu watatu tu kwa kila nchi. Mmoja wao, Patrick Makau, alikuwa amekimbia Berlin mwezi wa tisa 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, na hiyo ndiyo iliyokuwa rekodi ya dunia. Orodha ya mwisho ilipotoka ilikuwa na majina haya: Wilson Kipsang, Abel Kirui, Moses Mosop. Makau hakuwamo. Geoffrey Mutai hakuwamo pia, ingawa huko Boston, mwezi wa nne 2011, alikuwa amekimbia kwa 2:03:02, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuufikia katika marathoni. (Haukuhesabiwa kuwa rekodi kwa sababu njia ya Boston inateremka, na mwisho wake uko mbali mno na mwanzo.)

Mimi si mwanariadha, na somo hili halitaamua nani alionewa. Linauliza jambo dogo zaidi: mtu akisema habari hii kwa Kiswahili, ameshachagua upande kabla hajatoa hoja yoyote? Nadhani ndiyo, na upande huo unaonekana ndani ya kitenzi. Sentensi za mifano nimezitunga mwenyewe.

Tuanze na vitenzi vya kuchagua. Kuchuja kunajulikana jikoni. Hapa Likasi anayetengeneza munkoyo huchuja ili mizizi ibaki na kinywaji kipite, na mizizi haiwezi kumlalamikia mtu, kwa kuwa chujio halina nia. Ndiyo maana mashindano ya kutafuta watakaokwenda huitwa mchujo: wakimbie, watatu wa kwanza waende, basi. Wamarekani walifanya hivyo kwa marathoni ya mwaka huohuo, kwa mbio moja mjini Houston mwezi wa kwanza. Kuteua ni kitu kingine. Rais huteua mawaziri. Anayeteua ana macho, ana kumbukumbu, na ana la kujibu. Kenya haikufanya mchujo wa marathoni. Chama cha Riadha kiliangalia mbio ambazo wakimbiaji walikuwa wameshakimbia katika miji ya kigeni, kisha kikateua. Kuchagua kunasimama katikati, na kwetu Kongo kumeelemea sana upande wa kura, kiasi kwamba mtu akisikia “wamechaguliwa” anaweza kudhani kuna watu wengi walioinua mikono. Kifaransa chetu cha mpira hakijifichi namna hiyo: kocha wa Leopards huitwa sélectionneur, yaani mteuzi, na kila mtu anajua mlango wa kugonga orodha ikitoka vibaya.

Ugomvi mkubwa hutokea pale jambo linapoonekana kama mchujo na kumbe ni uteuzi. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua unatoka mbali, kwenye barafu. Mwezi wa kwanza 2014, mjini Boston, Marekani ilifanya mashindano ya taifa ya wanawake wanaoteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye visu vya chuma, mchezo ambao nusu yake ni kuruka na nusu ni dansi. Nafasi za Olimpiki ya Sochi zilikuwa tatu. Mirai Nagasu alishika nafasi ya tatu, Ashley Wagner ya nne. Shirikisho likampeleka Wagner, likiangalia matokeo yake ya msimu mzima na ya mwaka uliotangulia. Kanuni ziliruhusu, na zilikuwa zimeandikwa. Lakini watazamaji waliokaa ukumbini usiku ule walikuwa wameona mchujo, na asubuhi waliletewa uteuzi.

Sasa turudi kwa Makau na tulinganishe sentensi tatu.

Makau hakuteuliwa.
Makau ameachwa.
Walimwacha Makau.

Ya kwanza inamweka nje ya nyumba: alikuwa mlangoni na mlango haukufunguliwa. Ya pili inamweka ndani. Huwezi kuachwa na basi ambalo hukuwa na tiketi yake, wala mke hawezi kuachwa na mtu ambaye hakumwoa. Anayesema “ameachwa” ameshadai, bila kulitamka neno haki, kwamba nafasi ilikuwa ya Makau. Mhariri anayetaka kuwa mwadilifu ashike ya kwanza, na anayetaka kuuza gazeti anajua atakayoishika.

Zote mbili, hata hivyo, ziko katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hayumo. Ya tatu inamrudisha kwa kiambishi wa-, ila haimtaji. Sisi wa Katanga tuna njia yetu hapa. Katika mazungumzo ya Likasi au Lubumbashi mtu atasema tu balimuacha, na hakuna atakayeuliza “ba- ni akina nani?” Kiambishi hicho kinafanya kazi ya kauli ya kutendwa, lakini kinaacha harufu ya watu: kuna wakubwa mahali fulani, wameketi, wamekata. Naona kinasema kweli zaidi kuliko “hakuteuliwa”, ambayo inafanya orodha ionekane kama mvua. Lakini kinalea pia tabia mbaya ya kulaumu kundi lisilo na majina. Nilipokuwa sekondari, orodha ya timu ya shule ilibandikwa mlangoni, jina langu halimo, na kwa muhula mzima nilisema balinitosha. Sikuwahi kumwendea mtu yeyote na kuuliza walitumia kipimo gani.

Kipimo kinatuleta kwenye neno bora. Kiswahili hakina umbo la pekee la kusema kwamba mtu amewapita wengine wote. Tunaongeza kuliko, kisha tunalazimika kumaliza: kuliko nani, na kwa lipi? Mabishano ya 2012 yalikuwa yamejaa “bora” zisizomaliziwa. Tukizimalizia tunapata watu watatu tofauti. Kwa saa, Makau alikuwa bora kuliko wote, na Kipsang alimkaribia kwa sekunde 4 tu, kwa kuwa huko Frankfurt mwishoni mwa 2011 alikimbia 2:03:42. Kwa mbio za ubingwa, ambazo hazina watu wa kulipwa kuongoza kasi, alikuwa Abel Kirui, bingwa wa dunia mwaka 2009 na tena 2011. Kwa hali ya mwezi uleule wa nne, alikuwa Kipsang, aliyeshinda London Marathon wakati Makau akiacha mbio hizohizo njiani. Geoffrey Mutai naye aliacha njiani Boston, siku ya joto kali. Mosop alikuwa wa tatu Rotterdam.

Ukitazama vizuri, wateuzi hawakutumia kuliko moja. Kama kipimo kingekuwa hali ya mwezi ule peke yake, Kirui, aliyekuwa wa sita London, asingeingia kwa urahisi. Yeye aliingia kwa kipimo chake, Kipsang kwa chake. Silaumu jambo hilo, kwani timu ya watu watatu inaweza kutaka watu wa aina tatu. Tatizo ni kwamba neno bora, likisimama peke yake, linaficha kwamba vipimo vilikuwa zaidi ya kimoja.

Njeo nazo zinabishana. “Makau amekimbia 2:03:38” na “Makau alikimbia 2:03:38” zina habari moja, lakini -me- inaleta matokeo hadi leo, kama vile miguu ile ya Berlin iko hapa bado, na -li- inayaacha kule Berlin. Wanaomtetea Makau wanahitaji -me-. Aliyemwona akitoka barabarani London anasema -li-. Nadhani nusu ya ubishi wa kila uteuzi, wa riadha, wa barafu au wa mpira, ni kugombania herufi hizi mbili: sifa ya mtu inakaa muda gani kabla ya kuwa historia?

Kisha ikaja -ngeli-. Tarehe 12 Agosti 2012 dhahabu ilichukuliwa na Stephen Kiprotich wa Uganda kwa 2:08:01. Kirui alikuwa wa pili, sekunde 26 nyuma, na Kipsang wa tatu. Mosop hakukimbia. Aliumia, na nafasi yake akapewa Emmanuel Mutai, ambaye hakuingia kumi bora. Kwa Uganda ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972, na Kiprotich alikuwa amejifua Kenya, pamoja na Wakenya. Hapo “Makau angelikwenda, angelishinda” ikawa sentensi tamu. Haipingiki, kwa sababu masharti yake hayatatokea tena. Lakini sarufi ileile inaruhusu “angelikwenda, angeliacha njiani”, na ushahidi wa mwezi wa nne uko upande huo zaidi. Medali mbili kati ya tatu zilikwenda kwa walioteuliwa. Nagasu hakuhitaji -ngeli- kwa muda mrefu: mwaka 2018 aliteuliwa, akaenda Pyeongchang, akarudi na shaba ya timu.

Zoezi. Orodha ijayo ya Leopards ikitangazwa redioni, andika sentensi tano za kwanza unazozisikia mtaani kuhusu mchezaji asiyekuwamo. Pigia mstari kila kiambishi cha mtendaji na kila njeo. Palipo na bora bila kuliko, malizia wewe. Kisha ziandike upya sentensi zote tano kwa kumtaja aliyeamua na kipimo alichotumia. Ukishindwa kumtaja, eleza kama ni kwa sababu hajulikani au kwa sababu msemaji hakutaka kumtaja.