Vyombo ni Sawa, Tanga ni Lipi?

Mvuvi mmoja, mhitimu wa kisomo, alituletea swali. Alisikia redioni habari za mbio za mashua zenye miili miwili. Mtangazaji alisema kuwa mashua zote zilikuwa za namna moja: sawa kwa urefu, sawa kwa upana, sawa kwa uzito. Mwenzetu akatuuliza: "Sasa kama vyombo vyote ni sawa, mshindi anapatikanaje? Na karani aliyeko kwenye mstari wa mwisho anajuaje kipi ni kipi?"

Haya ni maswali mawili, na yote ni mazuri. La kwanza linahusu matanga. La pili linahusu herufi na namba. Leo tutajifunza yote mawili.

Katamarani ni chombo gani?

Chombo cha miili miwili huitwa katamarani. Ina miili miwili myembamba iliyo sambamba. Miili hiyo imeungwa kwa vyuma, na katikati hutandikwa turubai la kukalia. Tusiichanganye na ngalawa yetu. Ngalawa ina mwili mmoja unaobeba watu na samaki, na mbao mbili za ubavuni za kuizuia isipinduke. Katamarani haina mwili mkubwa na mdogo. Yote miwili ni mamoja. Kwa kuwa ni pana na ni nyepesi, huenda mbio sana.

Ziko aina nyingi. Hobie 16 ilitokea California, Marekani, karibu na mwaka 1970. Aliyeianzisha ni Hobie Alter. Urefu wake ni kama mita 5, na uzito wake ni kama kilo 145. Tornado ilichorwa na Mwingereza Rodney March mwaka 1967. Urefu wake ni mita 6.1. Tornado ilishindaniwa katika michezo ya Olimpiki kuanzia mwaka 1976 hadi mwaka 2008. Mwaka 2016 katamarani zilirudi Olimpiki kwa aina nyingine, Nacra 17, inayoendeshwa na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja.

Kwa nini vyombo viwe sawa?

Wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Hebu fikiri mbio ambazo kila mtu anakuja na chombo apendacho. Mwenye fedha atanunua chombo chepesi zaidi na mlingoti mrefu zaidi. Maskini atashindwa kabla hajatweka tanga. Hapo mfuko wa fedha ndio unaoshinda, baharia hashindi.

Ndiyo maana mabaharia wengine walikubaliana kila mtu apewe jembe lile lile. Katika Hobie 16 hata uzito wa watu huangaliwa. Mabaharia wawili kwa pamoja wasipungue kilo 129 hivi. Wakipungua, lazima wabebe uzito wa kufidia. Kwa njia hiyo wawili wembamba hawapati nafuu kwa sababu tu ya wembamba wao.

Tanga: njia mbili za sheria

Tanga ndilo injini ya chombo. Ukiacha matanga bila sheria, usawa wote unakwisha. Ziko njia mbili za kulilinda.

Njia ya kwanza ni ya Hobie 16. Tanga lazima litoke kwa mtengenezaji anayekubaliwa na chama cha chombo hicho. Huna ruhusa ya kulipeleka kwa fundi wako alikate upya ili lipate umbo unalolipenda wewe. Basi hapa hakuna kubishana. Kazi ya baharia ni kulikaza na kulilegeza kwa kamba kufuatana na upepo.

Njia ya pili ni ya Tornado. Sheria hutaja vipimo: urefu hauzidi hapa, upana hauzidi pale. Ndani ya vipimo hivyo, kila mtu anaweza kwenda kwa fundi wake. Kisha mpimaji hulitandaza tanga na kulipima. Likifaa, hutia alama yake. Tanga lisilo na alama ya mpimaji haliingii mashindanoni.

Njia hii ya pili inaacha mlango wa kuchagua. Na penye kuchagua pana kukosea. Tutoe mfano wa kweli.

Yaliyotokea Qingdao, mwaka 2008

Baada ya Olimpiki ya mwaka 2000, Tornado iliongezewa tanga la tatu, liitwalo spinaka. Hili ni tanga pana, jepesi, lenye tumbo kubwa. Hutwekwa mbele ya chombo wakati wa kwenda na upepo. Wakati wa kubisha, yaani kwenda juu kuelekea upepo unakotoka, hushushwa, kwa sababu tumbo lake halifai kwa kazi hiyo.

Mwaka 2008 mbio za Olimpiki zilifanyika Qingdao, nchini China. Pwani hiyo ilisifika kwa upepo mdogo. Wamarekani John Lovell na Charlie Ogletree walikuwa mabaharia hodari. Miaka minne nyuma, mwaka 2004, walikuwa wamepata medali ya fedha. Wao walipiga hesabu hivi: kama upepo utakuwa mdogo, afadhali tanga la mbele lisilo na tumbo kubwa, ambalo linaweza kufanya kazi hata wakati wa kubisha. Wakatengenezewa tanga bapa kuliko spinaka ya kawaida, lakini lililo ndani ya vipimo vya sheria. Hawakuiba kitu. Walisoma sheria, wakaona nafasi, wakaitumia.

Lakini upepo hausomi hesabu za mtu. Ulikuja mkubwa kuliko walivyotazamia. Katika upepo wa namna hiyo tanga bapa halikuwasaidia wakati wa kubisha. Na wakati wa kwenda na upepo, wenzao wenye matumbo makubwa waliwaacha nyuma. Vyombo vilivyoshindana vilikuwa 15. Wamarekani hao wakawa wa 15. Medali ya dhahabu ilikwenda kwa Wahispania Fernando Echávarri na Antón Paz.

Je, walikuwa wajinga? Sisi tunasema hapana. Upepo ungekuwa mdogo, huenda leo tungewasifu kwa akili. Walichofanya ni kuweka mayai yao yote katika hali moja ya hewa. Mkulima anayepanda shamba zima mbegu ya mvua nyingi analijua jambo hili vizuri.

Alama za kutambulisha chombo

Sasa tuje kwa karani wetu. Vyombo 15 vinakuja mbio kwenye mstari wa mwisho. Vyote ni sawa kwa umbo. Maji yanaruka, sura za watu hazionekani. Karani atategemea kitu kimoja tu: maandishi yaliyo juu ya tanga.

Sheria za kimataifa za mbio za matanga zinataka mambo matatu kwenye tanga kuu. Kwanza, alama ya aina ya chombo. Pili, katika mashindano ya kimataifa, herufi tatu za nchi. Kwa mfano, Tanzania ni TAN, Kenya ni KEN, Uganda ni UGA. Tatu, namba ya chombo chenyewe.

Maandishi hayo hayaandikwi ovyo. Rangi yake iachane na rangi ya tanga. Herufi ziwe za kawaida, zisizo na mapambo. Kwa vyombo vya kimo cha Hobie na Tornado, herufi moja iwe na kimo cha sentimita 30 au zaidi. Huo ni urefu wa rula ya shule. Kwa kawaida maandishi ya upande wa kulia huwekwa juu kuliko ya upande wa kushoto. Kwa nini? Kwa sababu tanga hupitisha mwanga. Yakilingana, ya upande huu yataonekana ndani ya yale ya upande wa pili, na karani hatasoma lolote.

Asiyetimiza sheria hizi huonywa na kupewa muda wa kurekebisha, au huadhibiwa.

Liko jambo jingine. Katika mashindano ya dunia ya Hobie 16, ni desturi waandaaji kutoa vyombo, na mabaharia hubadilishana. Asubuhi unapanda hiki, mchana kile. Hapo namba ya tanga inataja chombo, haimtaji mtu. Karani lazima awe na orodha sahihi ya nani yuko kwenye chombo gani. Orodha ikikosewa, ushindi wa mmoja unaandikwa kwa jina la mwingine.

Tupige hesabu

Katika mbio hizi wa kwanza hupata pointi 1, wa pili 2, na kuendelea. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Asiyemaliza hupata idadi ya vyombo vyote, ongeza 1.

Tuseme vyombo ni 15 na mbio zote nne zinahesabiwa. Chombo chetu kimekuwa cha 2, cha 4, cha 3, na mwisho cha 1. Jumla ni 10. Lakini namba yetu ilikuwa imebanduka, karani hakuisoma, akaandika kuwa hatukumaliza. Sasa ni 2, 4, 3 na 16. Jumla ni 25. Kumbe namba moja iliyobanduka imetugharimu pointi 15! Tunaweza kudai masahihisho, ndiyo, lakini tutahitaji mashahidi, kama wale waliomaliza mbele na nyuma yetu. Kubandika namba upya ni kazi ya dakika chache tu.

Funzo letu

Sasa tumjibu mvuvi wetu. Vyombo vikiwa sawa, mshindi hupatikana kwa ustadi na kwa kuchagua vizuri ndani ya sheria. Na hutambulikana kwa maandishi yanayosomeka. Kusoma sheria kabla ya kununua tanga, na kuandika namba kabla ya kutoka pwani, ni sehemu ya ubaharia, sawa na kushika usukani.

Nasi wenye ngalawa na mashua tunazo namba zetu za usajili, zilizopakwa rangi ubavuni. Siku chombo kikipotea, au watu wakitafutwa baharini au ziwani, namba hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yetu. Ndugu msomaji, kesho nenda ukaitazame yako. Je, bado inasomeka?

Maneno ya kukumbuka

Kubisha: kwenda na tanga kuelekea upepo unakotoka.
Kutweka: kupandisha tanga.
Spinaka: tanga jepesi la mbele lenye tumbo kubwa.
Kufidia: kujazia kilichopungua.

Maswali

1. Sheria ya matanga ya Hobie 16 inatofautianaje na ya Tornado?
2. Kwa nini tanga bapa halikuwafaa Wamarekani mwaka 2008? Wewe ungechagua lipi? Toa sababu.
3. Kwa nini maandishi ya upande wa kulia huwekwa juu kuliko ya kushoto?
4. Vyombo ni 20. Chombo kimoja kimekuwa cha 5, cha 1, na mara moja hakikumaliza. Kina pointi ngapi?