Nati ya Shaba Iliyonimwagia Dawa

Nati ilipasuka nikiwa mstari wa nne wa kahawa. Haikulegea wala meno hayakuliwa. Ilifunguka kwa urefu kama ganda la kunde lililokauka, na dawa ya kopa ikanimwagikia kuanzia kwapani hadi kiunoni. Nilitua pampu, nikakimbilia bomba na sabuni, kisha nikarudi kuokota vipande. Nati yenyewe haikuwa imemaliza misimu miwili.

Jioni hiyo nilishuka Runyenjes, kwenye agroveti niliponunua pampu, nikavimwaga vipande juu ya kaunta. Kijana wa duka akavipitishia sumaku: havikunata. Akakwaruza kimoja kwa tupa: njano hadi ndani. "Mama, hii si feki. Ni brasi kabisa." Nikamjibu kwamba brasi kabisa haipasuki hivyo, nikaondoka nimenuna. Majirani nao walikuwa na hukumu moja tu: siku hizi vitu ni vya Uchina.

Aliyenifumbua macho ni binamu yangu aliyeko Minnesota. Kila Novemba huenda kuwinda kulungu, na risasi za bunduki yake hujijazia mwenyewe nyumbani, akitumia maganda yaleyale ya shaba mara kadhaa. Huku kwetu Kenya hilo halifikiriki. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na ganda la risasi ukiliokota shambani unampelekea chifu au polisi, hulitafutii baruti. Lakini mtu ambaye uso wake uko karibu na ganda hilo linapolipuka hujifunza kuikagua shaba kuliko sonara. Nilimtumia picha ya nati. Hakuuliza nilinunua wapi.

"Dada, hiyo pampu unaiweka wapi?"

"Kwa mbuzi."

Akacheka mpaka nikamkatia simu.

Mimi ni mzaliwa wa Nkubu, na nilipoolewa Embu nilikuja na tabia ya kwetu Meru ya kufuga mbuzi wa maziwa. Banda lao limeinuliwa kwa nguzo, sakafu ni ya mbao zenye nafasi, mkojo na samadi vinaanguka chini. Paa ni zuri, watoto hawafiki, kwa hiyo pampu niliitundika hapohapo kwenye boriti. Asubuhi za Julai, kukiwa na ukungu, ukiinama chini ya banda lile macho yanatoka machozi. Ile harufu kali ni amonia.

Binamu akanisimulia kisa ambacho wanaojaza risasi wanakijua. Jeshi la Waingereza huko India lilikuwa likihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua za masika ya kule. Mvua zikiisha, maganda yanakutwa na nyufa shingoni, pale shaba inapokibana kichwa cha risasi, ingawa hakuna aliyezifyatua. Mwaka 1921 wanasayansi wa Uingereza, Moore, Beckinsale na Mallinson, walieleza chanzo: amonia kutoka mkojo wa farasi, ikiikuta shaba ambayo tayari ina mkazo ndani yake kwa sababu ilifinyangwa ikiwa baridi. Dawa yake ilikuwa kulipasha moto ganda kiwandani ili mkazo utoke.

Nati yangu ilikuwa na mambo yote matatu. Unyevu ulikuwepo. Amonia ilikuwepo. Mkazo niliutia mwenyewe, kwa koleo, kila ilipovuja. Halafu shaba ya maganda huwa na takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki, ilhali vifaa vya pampu na mabomba aghalabu vina zinki zaidi, na kadiri zinki inavyoongezeka ndivyo amonia inavyopata pa kushika.

Sasa kabla ya kila msimu wa kupuliza dawa naikagua pampu hivi. Naosha sehemu zote za shaba kwa sabuni, nazikausha, nazipeleka mwangani. Natafuta mstari mwembamba unaokwenda kwa urefu, hasa kwenye ukingo wa nati na mwisho wa mrija. Simu inasaidia: piga picha, ikuze. Mabaka mekundu kama ya waridi kwenye shaba ya njano ni dalili nyingine mbaya. Zinki imeshatoka, kilichobaki ni shaba nyekundu yenye vitundu ambayo haina nguvu. Ukijani wa kawaida usikutie hofu, huo mara nyingi ni mabaki ya kopa na unasuguliwa ukatoka.

Ufa usioonekana unashikwa kwa mafuta ya taa. Ipake nati mafuta, iache dakika kumi hivi, ipanguse ikauke kabisa, kisha ipake vumbi la chaki. Subiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilichukua nati ya akiba, iliyoning'inia na pampu muda wote ule na ambayo ningeapa ni nzima. Ilichora mistari miwili. Niliiponda kwa nyundo, maana binamu yangu naye huyaponda maganda mabovu kwa koleo. Yakibaki mazima kuna siku yatarudi kazini.

Usijaribu kuchomelea nati yenye ufa. Nunua nyingine. Ifunge kwa mkono tu, na ikivuja badilisha mpira wa ndani, usiongeze nguvu. Na usiisugue kwa dawa za kung'arishia shaba bila kusoma kibandiko, kwa kuwa baadhi yake zina hiyohiyo amonia.

Nikiwa bado kwenye pampu, nozeli nayo. Unga wa kopa unakwangua shaba polepole, tundu linapanuka bila wewe kujua. Nilipima kwa jagi la jikoni: nozeli mpya ilitoa mililita 600 kwa dakika, yangu ya zamani 780. Yaani mahali pa matangi 10 nilikuwa nikimaliza 13. Kanuni ni kuitupa ikizidi mpya kwa asilimia 10. Ikiziba, tumia mswaki laini. Waya unaharibu tundu, na kupuliza kwa mdomo ni kujilisha sumu. Wenye kahawa aina ya Ruiru 11 na Batian wanaweza kunicheka, kwa kuwa miti yao haisumbuliwi sana na CBD, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, wala kutu ya majani. Mimi bado nina SL28 za baba mkwe, na kikombe cha SL28 siwezi kukiacha.

Pampu sasa inakaa kwenye kistoo cha mabati, mbali na mbuzi, kuku na mbolea, chini ya kufuli. Wiki jana nilirudi Runyenjes kumwomba kijana yule radhi na kununua nati mbili. Alipokea radhi kwa ukarimu, akageuka kuzichukua. Kopo lake la nati lilikuwa limekaa wazi juu ya gunia la mbolea ya CAN lililochanika, na pembeni yake mfuko wa chokaa ulikuwa umemwagikia humo humo.

"Kijana wangu," nikamwambia, "hebu vuta kiti."