Msaidizi wa Mpima Macho: Kazi, Mafunzo na Ngazi za Kujiendeleza

Katika kliniki nyingi, huduma ya macho haianzi kwa daktari bingwa. Huanza mbele ya chati ya herufi, pale mgonjwa anapoombwa kuziba jicho moja na kusoma. Anayesimamia hatua hiyo mara nyingi ni msaidizi wa mpima macho, na kipimo anachokiandika ndicho huonyesha kama mgonjwa anahitaji miwani, uchunguzi zaidi au rufaa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilieleza kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijapatiwa huduma. Madaktari bingwa peke yao hawawezi kuwafikia wote hao.

Mgawanyo wa kazi

Daktari bingwa wa macho hutibu magonjwa na kufanya upasuaji. Mtaalamu wa optometria hupima uwezo wa kuona, huandika miwani na hutambua dalili za magonjwa ya macho. Msaidizi hufanya kazi chini ya usimamizi wao: huchukua historia ya mgonjwa, hupima uoni, husoma nguvu ya lenzi za miwani ya zamani, hutunza vifaa na kumbukumbu. Akishapata mafunzo zaidi, huweza kuendesha mashine za uchunguzi, ikiwemo ya kupima shinikizo la ndani ya jicho.

Stadi za msingi

Chati iliyobuniwa na Herman Snellen mwaka 1862 ingali ndiyo msingi wa kazi hii. Mgonjwa hukaa umbali wa mita 6, penye mwanga wa kutosha, na kila jicho hupimwa peke yake. Kipimo cha 6/18 kina maana kwamba mgonjwa anaona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 18. Jicho lisilopimwa hufunikwa kwa kiganja au kizibo bila kubanwa, kwa kuwa mgonjwa huweza kuchungulia katikati ya vidole pasipo kukusudia. Mtoto asiyejua kusoma hupimwa kwa chati ya herufi E, naye huonyesha kwa mkono upande ambao herufi imeelekea.

Uoni ukiwa hafifu, mgonjwa hutazama tena chati kupitia tundu dogo. Akiona vizuri zaidi, huenda anahitaji miwani. Asipoona nafuu, upo uwezekano wa ugonjwa, kama vile mtoto wa jicho au hitilafu ya retina.

Kujua mipaka

Chukua mfano wa mtu wa miaka 55 anayefika kutafuta miwani ya kusomea. Chati ya mbali anaisoma hadi mstari wa 6/6. Msaidizi asiye na mafunzo atamwambia kuwa macho yake ni mazima. Hata hivyo, presha ya macho kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni, ilhali chati hupima uoni wa katikati tu. Msaidizi aliyefundwa atauliza kama yupo ndugu aliyepofuka na kama mgonjwa ana kisukari, kisha atahakikisha kuwa shinikizo la macho na neva ya jicho vinachunguzwa. Uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi.

Dalili nyingine hazisubiri foleni: kupoteza uoni ghafla, jicho jekundu lenye maumivu makali, na weupe ndani ya mboni ya mtoto, ambao huweza kuwa saratani. Jicho lililoingiwa na kemikali huoshwa papo hapo kwa maji safi mengi, ndipo mgonjwa apelekwe kwa daktari.

Ngazi za mafunzo

Nchini Marekani, wasaidizi hutahiniwa kwa ngazi chini ya chama cha wataalamu wa optometria. Ngazi ya kwanza huhitaji elimu ya sekondari na uzoefu wa kazi wa miezi 6, na ngazi za juu zaidi humfikisha mtu kwenye ufundi.

Afrika Mashariki, wengi huanza kwa kujifunza kazini. Anayetaka kusonga mbele huhitaji msingi wa sayansi, hasa Biolojia, Fizikia na Kemia. Nchini Tanzania, KCMC mjini Moshi imefundisha optometria katika ngazi ya stashahada kwa miaka mingi. Shahada hutolewa katika vyuo kama Masinde Muliro nchini Kenya na Makerere nchini Uganda. Kabla ya kulipa ada, mwombaji athibitishe kuwa chuo na kozi vinatambuliwa na mamlaka za nchi yake, kwani cheti kisichotambulika hakimfungulii njia ya usajili.

Kwa mgonjwa

Mgonjwa aje na miwani yake ya zamani pamoja na dawa anazotumia. Anayo haki ya kuuliza anayempima ana mafunzo gani na nani anamsimamia. Asikisie herufi ili aonekane anaona vizuri, kwa maana kipimo cha kubahatisha huzaa miwani isiyomfaa, au huficha ugonjwa ambao ungetibika mapema.