Mabaki ya Pamba ya Kujazia: Kuyatambua, Kuyanunua na Kuyaunganisha

Mkazi wa Ihanja, wilayani Ikungi, anayeshona mfarishi au kutengeneza upya mto uliochakaa, aghalabu hubakiwa na vipande vya pamba ambavyo kimoja kimoja havitoshi kitu. Vikiunganishwa vyema, hutoa kishikio cha sufuria au kikalio cha kigoda. Vikiunganishwa bila kutambuliwa, vyaweza kumuunguza mpishi. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuyatumia mabaki hayo kwa faida na kwa usalama.

1. Tambua ulichonacho

Si kila kijazio cheupe ni pamba. Huuzwa pia poliesta, ambayo mafundi wengi huiita faiba. Poliesta hufaa kwa mto au kikalio, lakini huyeyuka kwa joto kali na kugandama kwenye ngozi. Kwa hiyo haifai kabisa kwa kishikio cha sufuria.

Ili kupata uhakika, nyofoa nyuzi chache, zisizozidi ukubwa wa punje ya hindi. Zishike kwa koleo na uziwashe ukiwa nje ya nyumba, mbali na watoto, maji yakiwa karibu. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu mepesi yanayosagika. Poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha tone gumu. Ukiona tone gumu hata kidogo, kipande hicho kisiingie jikoni.

2. Nunua kwa hesabu

Fundi akikuuzia mabaki, linganisha bei kwa kilo. Tuseme gramu 250 za mabaki zinauzwa shilingi 2,000: hiyo ni shilingi 8,000 kwa kilo. Iwapo pamba mpya inapatikana kwa shilingi 7,500, mabaki hayo si nafuu. Dai yapimwe kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, kisha uchukue risiti. Kataa kijazio chenye unyevu, harufu ya uvundo au madoa: unyevu huongeza uzito unaoulipia, na uvundo ni dalili ya ukungu.

3. Unganisha bila kupandanisha

Chagua vipande vya aina moja na unene mmoja. Pamba ikichanganywa na poliesta, sehemu moja yaweza kunywea ikifuliwa na nyingine isinywee, na kitambaa kikajikunja.

Nyoosha kingo kwa mkasi. Zikutanishe ukingo kwa ukingo, wala usipandishe kimoja juu ya kingine, kwani mpandano huacha tuta. Zishone kwa mkono kwa mishono mipana ya kwenda na kurudi, au kwa zigizaga ya cherehani. Uzi usivutwe sana. Ukivutwa, kingo huinuka.

Kwa kishikio cha sentimeta 20 kwa 20 chenye tabaka mbili, hitaji lako ni vipande vinne vya sentimeta 20 kwa 10. Unganisha viwili viwili. Laza tabaka la pili ili kiungo chake kikatize kile cha kwanza, maana viungo vikiangukiana, hapo kishikio huwa chembamba na joto hupenya. Funika kwa kitambaa cha pamba pande zote mbili, piga bandi, kisha shona mistari inayovuka viungo ili pamba isihame wakati wa kufua. Tumia kishikio kikiwa kikavu, kwa kuwa maji hupitisha joto upesi.

4. Tahadhari kwa watoto

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe na mto wala mfarishi mnene, hata ukiwa umeshonwa kwa ustadi, kwa sababu waweza kumziba pumzi.

5. Ukidanganywa

Ukiuziwa poliesta kwa jina la pamba, usiitupe. Hifadhi kipande, risiti na jina la duka. Anza na muuzaji. Akikataa kurekebisha, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Kama kasoro ni ya mizani, wasiliana na Wakala wa Vipimo.

Zoezi: chukua vipande vitatu vilivyomo nyumbani mwako, vitenge kwa aina na unene, kisha amua ni kipi kinachofaa jikoni. Usishone kabla hujapata jibu.