Jeraha la Kichwa: Je, Manjano na Mafuta ya Samaki Yanaweza Kuukinga Ubongo?

Katika wadi ya Lopur na maeneo jirani ya Kakuma, kichwa huumizwa kwa njia nyingi: ajali ya bodaboda kwenye barabara ya A1, kuanguka mtini, teke la punda au pigo la rungu. Somo hili linaeleza kinachotokea ndani ya fuvu, na iwapo viambata vya asili vinaweza kusaidia.

Madhara huja mara mbili

Pigo lenyewe huchana mishipa na kuua baadhi ya seli papo hapo. Madhara ya pili huja polepole, kwa saa na siku kadhaa: damu huvuja, ubongo huvimba, na kemikali zenye sumu hushambulia seli zilizonusurika. Ndiyo maana mtu anaweza kuamka, akazungumza vizuri, kisha hali yake ikabadilika usiku. Watafiti wanatafuta dawa ya kuzuia madhara haya ya pili.

Viambata vinavyochunguzwa

Kurkumini ndiyo inayoipa manjano rangi yake. Katika panya wa maabara walioumizwa kichwa, imeonekana kupunguza uvimbe. Tatizo ni kwamba tumbo la binadamu hufyonza kiasi kidogo sana cha kurkumini. Omega-3, mafuta yanayopatikana kwa samaki, hutumika kujenga kuta za seli za ubongo, nayo pia imeleta matumaini kwa wanyama. Hakuna kati ya hivi kilichothibitishwa kuwa tiba ya binadamu aliyeumia kichwa.

Kuna sababu ya kutokimbilia matokeo ya panya. Projesteroni, homoni ambayo mwili huitengeneza wenyewe, ilifanya vizuri kwa wanyama. Mwaka 2014, matokeo ya majaribio mawili makubwa yaliyohusisha zaidi ya wagonjwa 2,000 yalionyesha kuwa haikuwasaidia.

Kilichosaidia

Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya jaribio la CRASH-3, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 12,000 katika nchi 29. Dawa iliyopimwa ni asidi ya traneksamiki, ambayo huzuia damu kuendelea kuvuja. Umbo lake linafanana na laisini, kiambata kilichomo katika nyama, maziwa na samaki, lakini chakula hakifanyi kazi ya dawa hiyo. Kwa wagonjwa wenye majeraha madogo na ya wastani waliotibiwa ndani ya saa tatu, vifo vilivyotokana na jeraha vilipungua kutoka 7.5 hadi 5.8 kwa kila wagonjwa 100. Kadiri dawa ilivyochelewa, ndivyo faida ilivyopungua.

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni takriban kilomita 120. Saa moja inayotumika kuchemsha mizizi au kungoja uvimbe utulie hairudi tena.

La kufanya

• Piga simu au tafuta gari mara moja. Mpeleke majeruhi kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kitaamua iwapo apelekwe hospitali ya rufaa Lodwar.
• Usimwinue ovyo. Shingo na kichwa vibaki vimenyooka.
• Jeraha linalotoka damu, likandamize kwa kitambaa safi. Ukihisi mfupa umebonyea, usikandamize hapo, funika tu.
• Asiye na fahamu asipewe maji, chai, maziwa wala dawa ya mitishamba.
• Usimpe aspirini. Dawa hiyo inaweza kuzidisha kuvuja damu, na vidonge vya manjano au mafuta ya samaki navyo vinaweza kuongeza hatari hiyo.

Dalili za hatari

Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani asiachwe peke yake kwa saa 24 za kwanza. Mrudishe hospitali haraka akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akizungumza maneno yasiyoeleweka, akilegea upande mmoja, akitokwa na damu au majimaji masikioni au puani, au akilala usingizi asioamshika.

Samaki wa Ziwa Turkana na manjano jikoni ni chakula kizuri. Viliwe kwa afya. Kinga ya kichwa inayojulikana kufanya kazi ni kofia ngumu ya bodaboda, ambayo sheria ya Kenya inamtaka dereva na abiria wake waivae. Ikivaliwa, ifungwe kidevuni.